Waya wa Friji

Watu walimwita Kipaza, naye alilivaa jina hilo kama nishani. Alikuwa msemaji wa idara ya afya, na kazi yake ilikuwa kutangaza habari njema. Mbaya hazikuwa na msemaji. Kipindupindu kilipoingia mjini, yeye alikiita "usumbufu wa tumbo wa msimu", akaenda zake kula. Dawa zilipokwisha, alisema ziko njiani, njia ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Siku ya uzinduzi wa chanjo mpya ya watoto, soketi nzima pale zahanati ilikuwa moja tu, ile ya friji ya chanjo. Kipaza akauchomoa waya wa friji kwa mkono wake mwenyewe, akachomeka spika. Mgeni rasmi akahutubia mpaka jua likapinda, akiisifu idara kwa utunzaji bora wa chanjo. Watu wakapiga makofi, spika zikapakiwa garini, na waya wa friji ukabaki sakafuni kama mkia wa panya aliyekufa.

Asubuhi yake Sista, muuguzi wa zamu, alifungua friji, ikampumulia joto usoni. Alama za kupimia joto kwenye vichupa vyote zilikuwa zimegeuka rangi.

"Zimekufa hizi," alimwambia Kipaza. "Nje kina mama wamejaa. Kawaambie warudi zikija nyingine."

"Niwaambie nini, na redio imeshasema chanjo zimefika? Kwani zitawadhuru?"

"Hazidhuru, wala hazikingi. Ni sawa na kuchoma maji."

"Basi choma maji, Sista. Nani atajua?"

Sista akasonya. Lakini naye alikuwa wa walewale, akavaa glavu.

Kipaza akatoka barazani, akasafisha koo, akatangaza kwamba huduma inaendelea kama kawaida. Ndipo macho yake yakamwangukia mkwewe, mke wa mwanawe, mbele kabisa ya foleni, amempakata mjukuu wake wa kwanza. Akamwinamia.

"Mama, mrudishe mtoto nyumbani."

"Kwa nini, baba? Si wewe uliyenihimiza nije?"

"We nenda tu. Utakuja wiki ijayo."

"Nimefika mbele ndio nirudi?" Mkwe hakuumbiwa kunong'ona. "Au chanjo ina kasoro?"

Baraza zima likageuka kumtazama. Mama mmoja mnene akainuka, akamweka mwanawe begani.

"Ehee! Wa kwake arudi, wetu wachomwe? Mkuki kwa nguruwe, mzee?"

"Jamani, huyu ana mafua tu..."

"Mafua unayo wewe, ya ulimi!"

Kicheko kikapasuka. Mkwe peke yake hakucheka. Alimkazia macho baba mkwe wake.

"Sema basi, baba."

Msemaji hakusema. Mkwe akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya zahanati ya upande wa pili wa mji, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu na mwanawe, mpaka baraza likabaki na mabenchi tu.

Sista akavua glavu. Kipaza akaketi mezani kwake kuandika habari ya siku: "Zoezi la chanjo lakwamishwa na imani potofu za kina mama." Akaisoma kwa sauti, akabadilisha neno moja. Aliporudia kuisoma, alikuwa ameshaiamini, na moyo ukamuuma kweli kwa ujinga wa wanawake wale.