Nyoka wa Shamba Langu la Kwanza

Ngojeni nicheke kwanza, ndipo nisimulie. Kila nikikumbuka mwaka wangu wa kwanza wa ndoa kule Igamba, mwenzenu mbavu sina.

Ukoo nilioolewa una mila zake mbili. Ya kwanza: mke mgeni hawashi moto wake. Anapika jikoni kwa mama mkwe mpaka avune shamba lake mwenyewe, ndipo anawekewa mafiga yake. Ya pili: mke na baba mkwe hawaongei wala hawatazamani. Ukimwona anakuja, unaingia kwenye mibuni, unampa mgongo mpaka apite. Simu za kisasa wanazo, kwaya wanaimba, lakini kwenye hili hawana mchezo.

Mama mkwe nampenda, ila jiko lake, jamani! Chumvi anatia yeye, kuni anachagua yeye, na ugali nikishausonga, anausonga tena. Nililitamani jiko langu mpaka nikawa naliota.

Nikapewa kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Mvua za kwanza nikapanda mahindi, kindi wakafukua. Walishuka kwenye miparachichi, mikia juu, wakafuata mstari wangu shimo kwa shimo kana kwamba nimewaandalia mezani. Nikapanda tena. Wakafukua tena! Nikawarushia mawe, nikawatukana kwa Kindali na kwa Kiswahili, wapi! Mmoja, mnene kuliko wote, alikaa kwenye tawi akatafuna mbegu yangu huku ananitazama usoni.

Mama mkwe akatungua mahindi ya mbegu yaliyokuwa yamebaki juu ya moshi wa jiko lake.

"Haya ndiyo ya mwisho, mwanangu," akasema. "Yakiliwa na haya, tutapika wote mpaka mwakani."

Mpaka mwakani! Nikapanda huku nasali.

Asubuhi ya pili nikaenda kuangalia. Yule kindi mnene nilimkuta, lakini safari hii alikuwa mdomoni mwa nyoka. Nyoka mrefu wa rangi ya udongo, yule asiye na sumu, anayekula panya wa ghalani. Alikuwa anammeza taratibu, mkia tu ndio ulikuwa umebaki nje. Nilipaswa kukimbia. Mimi nikaanza kurukaruka! Nikajiziba mdomo kwa khanga nisije nikapiga vigelegele.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamwambia nyoka. Haki ya Mungu, nilibakiza kidogo nimwamkie shikamoo.

Mara nikasikia hatua. Baba mkwe huyo, panga mkononi, na macho yake yako kwa nyoka. Nikageuka haraka, nikampa mgongo. Lakini shamba langu! Nyoka akifa, kindi waliobaki watashuka wote, mbegu kwisha habari yake, na mimi narudi kusongewa ugali. Kumwambia baba mkwe siwezi. Mbele yangu palikuwa na kuku mmoja mwekundu, anachakura zake.

"Wewe kuku!" nikapaza sauti. "Huyo nyoka usimuue! Hana sumu! Anakula kindi wanaokula mbegu zangu. Mwache, kuku, nakuomba. Nataka jiko langu!"

Hiyo ya mwisho ilinitoka tu. Kuku akanitazama kwa jicho moja, akaendelea kuchakura. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa, kile kikohozi cha kuzuia kicheko.

"Kuku," baba mkwe akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikinijia mimi, "tangu lini una panga wewe?"

Weee! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope. Naye akacheka, watu wawili tumepeana migongo katikati ya shamba. Nilipothubutu kugeuka alikuwa ameshaondoka, na nyoka amelala pale pale, tumbo limemjaa.

Mahindi yakaota, mistari yote. Nyoka akahamia kwenye rundo la kuni. Mayai mawili ya yule kuku mwekundu aliyala, tukamsamehe. Na kila aliyemjia na fimbo alifukuzwa na baba mkwe: "Mwacheni, huyo ni wa mkwe wangu."

Siku niliyomaliza kuvuna, nilikaa uani napukuchua, mgongo wangu umeelekea njiani. Hatua zikaja, zikasimama. Kuku mwekundu alikuwa miguuni pangu anaokota punje.

"Kuku," sauti ikasema, "mwambie mwanangu mafiga yake nimeyaweka nyuma ya nyumba yao. Niliyachagua siku ile ile ya nyoka, nikamfichia."

Nilitaka kucheka kama kawaida yangu. Nikajikuta nalia, kuku wa watu nimemkumbatia.