Neema wetu, aliyechukuliwa na theluji ya Drakensberg

Jamani, mpaka sasa kichwa changu kinakataa. Neema hayupo. Theluji ilimchukua Jumamosi asubuhi, kule milimani Drakensberg, mbele ya macho yangu.

Naandika nimesimama. Nikikaa kwenye cherehani mguu unakanyaga bila kitambaa, basi nainuka, nazunguka mtaa wote wa Bellevue, narudi, nainuka tena.

Wengi mmeniuliza inbox: "Kaka Dieudo, theluji South Africa? Maporomoko ya theluji si mambo ya Ulaya?" Eish. Ipo. Msimu wa baridi, kule juu mpakani na Lesotho, makorongo yanajaa theluji na maji yanaganda kwenye kuta za miamba kama kioo. Ndiko Neema alikokuwa anapanda.

Kwa wasiomjua: mama yake Mtanzania, baba yake Msauzi aliyerudi kutoka uhamishoni. Amekulia mtaa wa Bertrams, jirani na sisi. Alifanya kazi control room ya kampuni ya ulinzi, shift ya masaa kumi na mawili anapokea alarm za watu.

Alikuja kwangu mara ya kwanza na koti limechanika mkono. "Kaka, unaweza kulishona lisivuje?" Nikauliza limechanwa na nini. "Barafu," akasema, kama mtu anayesema "msumari."

Kiswahili changu cha Bukavu alikicheka kila siku. Na bado alikuwa anakiiga akinipigia simu.

Mwaka uliofuata alinifunga kamba kiunoni mwenyewe. Mimi, fundi cherehani, baba wa watoto watatu, nikalia kwa woga juu ya jiwe! Yeye yuko chini ameshika kamba. "Lia tu, kaka, ila mguu wa kushoto usogeze kidogo."

Wiki nzima kabla ya safari alikuwa anafuatilia upepo. Kazini wakamwita Manager wa Hali ya Hewa. Alituambia upepo unaihamisha theluji, unairundika kwenye korongo moja, na hapo ndipo watu wanapofia.

Sasa Jumamosi. Naeleza kama ilivyokuwa, maana kuna watu wanaandika kwamba alikuwa mzembe, kwamba alitafuta sifa.

Tulikuwa watatu: Neema, mimi, na Sipho, mwenzake wa kazini. Upepo ulikuwa umevuma siku mbili. Tulipofika chini ya korongo Neema akachimba shimo kwenye theluji, akaniita.

"Ona, kaka. Juu imeshikana, chini ni kama sukari. Hii yote inaweza kuteleza. Turudi."

Mimi nikakataa. Ndiyo, mimi. "Neema, tumeendesha masaa matano! Theluji yenyewe inafika magotini tu."

"Magotini inatosha kukuangusha. Angalia yale mawe chini yetu."

Sipho alikuwa ametangulia, amegeuka anatuangalia, anasubiri jibu. Nikampungia mkono: endelea. Akaendelea.

Neema hakunigombeza. Aligeukia juu, kwa Sipho. Kisha akapiga kelele, "Sipho! Shuka!" Upepo ukaimeza sauti. Akaanza kupanda kumfuata, akifuata ukingo wa korongo, karibu na miamba. Mimi nikabaki pembeni, penye lile shimo.

Alimfikia. Nikaona anamwonyesha njia ya miamba, ashuke huko, mmoja mmoja. Sipho akatangulia, akaukamata mwamba.

Hapo nikasikia mlio, kama gunia zito limetupwa sakafuni. Theluji ikapasuka juu ya Neema, mstari mmoja mrefu, ikaondoka naye.

Haikuwa nyingi. Hilo ndilo linaloninyima utulivu. Kwenye uwanja tambarare angeinuka, akajipangusa, akacheka. Lakini ilimpitisha juu ya mawe.

Tulimfukua kwa mikono. Alikuwa bado anapumua.

"Sipho?"

"Yuko hapa, Neema. Mzima."

"Sawa."

Hakusema kingine. Waokoaji walifika, walifanya kila walichoweza. Alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu nilikwenda Bertrams kwa mama yake. Sebule imejaa watu, nikapiga magoti mbele yake nikamweleza yote, mpaka ule mkono nilioupunga. Mtu mmoja akatoka nje.

"Kwa nini hukumsikiliza, baba?" mama akaniuliza. Polepole, kama anataka kweli kujua.

Nikamwambia ukweli. Nilitaka kufika juu, basi. Nilitaka picha.

Mama akafuta uso kwa khanga. "Basi liandike hilo. Watu wajue mtoto wangu hakwenda kucheza."

Nimeliandika, Mama.

Na ninyi wapandaji wenzangu, nimeona post zenu. "Conditions ziko sharp, twendeni weekend hii tukapande kwa heshima ya Neema." Nawaomba msiende. Upepo haujatulia, na korongo lile bado limebeba theluji upande wa kulia. Nimeiona kwa macho yangu.

Siku nyingine mkienda, chimbeni kwanza. Akitokea mmoja kati yenu hapendi anachokiona, shukeni wote. Msibishane naye. Msipige kura.

Mimi sijui kama nitapanda tena. Sipho anasema atapanda. Jana alikuja kwangu, akaniomba nimwelekeze maneno ya kumfariji mama kwa Kiswahili. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, akayarudia mpaka akayaweza.

Neema, tunakuzika Jumamosi hii. Mama yako amesema mimi niwe miongoni mwa watakaokubeba. Nilimwambia sistahili. Akasema, "Sikukuuliza kama unastahili. Utambeba."

Nitakubeba, dada. Taratibu, hatua kwa hatua.

Nisamehe. Lala unono.