Mistari mitano isiyo na jina la Josia

Saa nane mchana, basi la kutoka Mwanza linaposimama Bariadi, Nyanjige Mwandu anapokea furushi la magazeti, anajitwisha na kurudi nalo mtaani kwake, Somanda. Anayapanga mezani, jirani na hospitali. Watu wanne wanainama, wanasoma kurasa za mbele, kisha wanaondoka bila kununua.

Hawafukuzi. Ana miaka 56, na kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Zamani nakala mia moja ziliisha kabla jua halijazama. Siku hizi akipeleka thelathini, nyingine zinalala.

"Habari wanazo kwenye simu," anasema.

Mwanawe wa pekee, Josia, aliondoka miaka minne iliyopita kwenda Ugiriki kuvuna zeituni. Kila Jumapili alimpigia mama yake, akamsimulia vyombo vya habari vya nchi ile: televisheni ya taifa, vituo vya matajiri, magazeti makubwa ya Athene na madogo ya mikoani.

"Aliniambia, 'Mayu, mama yangu, huku magazeti yananing'inizwa vibandani, watu wanasoma wamesimama, kama kwako.' Tulicheka sana."

Novemba iliyopita, Jumapili mbili zilipita kimya. Ya tatu akapiga mwenzake wa kazi: gari la shambani lilipinduka, Josia amefariki na ameshazikwa.

Nyanjige akaenda kwa Hamza, kijana mwenye duka la kutoa kopi.

"Nitafutie," alimwambia. "Mimi nauza habari. Na ya kwake lazima iko mahali."

Hamza alipekua mtandaoni siku tatu. Televisheni hazikusema kitu. Gazeti moja dogo la mkoani lilikuwa na mistari mitano. Akaitafsiri kwa simu, kisha akasita.

"Soma tu, mwanangu."

"Mfanyakazi wa kigeni, umri takriban miaka thelathini, alifariki papo hapo."

"Na jina?"

"Hawakuandika, mama Josia."

Akisimulia hapo, Nyanjige anageukia pembeni, anajifuta kwa ncha ya kanga. "Nimemzaa, nimempa jina. Wamemzika kama asiye na mtu."

Januari, Hamza alimsaidia kumwandikia mhariri wa gazeti lile, wakaambatanisha picha. Wametuma tena mara mbili. Hawajajibiwa. Kila akifunga meza, anapita dukani kuuliza.

Nauli ya kwenda kuliona kaburi hana, wala hajidanganyi kwamba ataipata. Bado anaandika.

"Sitaki ukurasa mzima," anasema. "Waandike tu: Josia Shigela, mtoto wa Nyanjige, kwao Bariadi."