Jaribio la Kilio

Shuka mpya haitandikwi ikitoka dukani. Ina wanga, ina vumbi la ghala, na mgonjwa akiilalia humkwaruza na hainywi jasho. Ndiyo maana wiki nzima kabla ya hospitali kuhamia jengo jipya, Mama Foronya alikuwa akifua vitu visivyo na uchafu. Shuka ziliingia mashineni nyeupe zikatoka nyeupe. Alikausha, akapiga pasi, akakunja, na mikono ilifanya yote hayo bila kumuuliza mwenyewe.

Jina hilo alipewa kazini. Mtoto Mungu hakumjalia, na kwa vile hakuweza kupita kitanda chenye foronya iliyokunjwa vibaya bila kuinama kuirekebisha, wenzake walisema basi, foronya na zipate mama. Alicheka walipomwita hivyo mara ya kwanza. Enzi hizo alikuwa mtu wa kucheka.

Jengo jipya lilikuwa ng'ambo ya ua, ghorofa tatu, likinuka rangi mbichi. Vitanda vilikuwa bado na nailoni. Mabomba yaliachwa wazi mpaka maji ya kutu yaishe, lifti ilipandishwa na kushushwa ikiwa imebeba mifuko ya mchanga, na kwenye kila kitanda mtu alibonyeza kengele, mwingine akajibu kutoka mwisho wa korido, "Imelia." Jumamosi wagonjwa wangevushwa ua kwa magurudumu, wodi moja baada ya nyingine.

Jumamosi hiyo hiyo mama mkwe wake naye alikuwa anahama.

Hilo lilikuwa na chanzo chake. Mume wa Mama Foronya alilazwa kwenye hospitali hiyo hiyo, jengo la zamani, kwa homa ambayo kila mtu aliiona ya kupita. Akapita yeye. Mkewe alikuwa kwenye mashine za kufulia alipoitwa. Walimpa habari ya msiba akiwa amesimama koridoni, mikono inachuruzika povu, wagonjwa wamechungulia kila mlango. Akasema, "Haya." Kisha akarudi kutoa shuka mashineni, kwa sababu shuka zikiachwa na maji hunuka.

"Akarudi kufua." Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yake. Mama mkwe aliyapokea pamoja na habari ya kifo, na kwake yakawa misiba miwili. Alimngoja mkwe wake alie pale mwili ulipoletwa, hakulia. Akamngoja makaburini, hakulia. Watu walikuja na kauli yao, kazi ya Mungu haina makosa, na Mama Foronya alijibu, "Kweli, haina," akawasogezea viti. Hakuwa anajikaza. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, ukiugusa unajua ni wako, lakini habari hazifiki. Usiku alisali, na sala nazo alizisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Mwanangu amezikwa kama asiye na mke," mama mkwe alimwambia siku wageni walipotawanyika. "Hata chozi moja la kumsindikiza?"

"Hayatoki, mama."

"Hayatoki au hayapo?"

Tangu hapo mama mkwe akawa anajipikia, sufuria yake peke yake, na wiki hii alifunga nguo zake kwenye furushi la shuka. Wifi, yaani binti yake, angekuja na gari Jumamosi kumchukua. Mama Foronya alitaka abaki. Katika mambo yote ya dunia, hilo moja alijua kwamba analitaka, kwa sababu nyumba ile bila mume na bila mama yake mume ingebaki kuta tu. Lakini mama mkwe alikuwa ametaja bei yake, nayo ilikuwa machozi, na mtu hawezi kuyafua wala kuyapiga pasi.

Alhamisi asubuhi aliagizwa kutundika mapazia kwenye chumba cha kuagia. Chumba hicho hakikuwepo jengo la zamani. Matroni ndiye aliyekipigania. Alikuwa mama mnene wa sauti ndogo, na kwa miaka mingi alikuwa ameona jinsi kilio cha koridoni kinavyolaza wodi nzima chali. Mmoja akifiwa, wengine wanasusa chakula, na wodi ya wazazi mwanamke mwenye uchungu anasahau kusukuma. Basi akaomba chumba kimoja cha ndugu wa marehemu, kuta zilizojazwa sufi, mlango mzito wenye mpira kwenye kingo. Fundi mkuu aliapa kwamba hata baragumu likipigwa humo, wodi ya wazazi iliyo juu yake haitasikia.

"Maneno ya fundi siyatii mfukoni," Matroni alisema, akiwa amesimama mlangoni na msukuma vitanda mmoja na mpishi aliyeleta chai ya mafundi. "Nataka mtu alie humu, mimi nikasikilize juu."

"Tuweke redio," akasema msukuma vitanda. Huyo aliitwa Breki, kwa sababu ulimi wake haukuwa nazo.

"Redio haifiwi. Lia wewe."

Breki akajaribu. Akatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa, akacheka mwenyewe mpaka akashika ukuta.

"Mpishi, je?"

"Mimi hapana, Matroni. Nina watoto, nina mama mzazi. Kulia bila msiba ni uchuro. Ukiuita unakuja."

"Basi Mama Foronya," Breki akadakia. "Yeye uchuro wake umeshapita."

Mpishi alimkanyaga mguu, lakini neno likishatoka halirudi. Breki mwenyewe alitazama chini kama aliyeangusha sahani ya watu.

Mama Foronya alikuwa juu ya ngazi, pazia mkononi. Alilipima lile neno, akaona ni la kweli. Halikumuuma. "Amesema sawa," akasema. "Mimi umeshapita. Nitalia."

"Si lazima, mwanangu," Matroni alisema.

"Ni kazi tu, Matroni. Nendeni."

Wakaenda. Matroni alimwita fundi mkuu wakapanda juu, Breki akaachwa koridoni na simu sikioni, mlango ukafungwa kwa pumzi nzito ya mpira. Mama Foronya akashuka kwenye ngazi. Chumba kilikuwa na viti vinne, meza ndogo na kimya ambacho hakuwahi kukisikia popote, kimya chenye pamba masikioni.

Akafungua mdomo. Ilitoka sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Akajaribu tena, ikawa ya mtu anayefukuza kuku. Akakumbuka waliaji aliowahi kuwasikia, akagundua kwamba kilio kinataka jina. Na yeye mume wake hakuwa na jina la kumwita. Miaka yao yote waliitana "wewe." Wewe, chai tayari. Wewe, umefunga mlango? Huwezi kumlilia mtu kwa "wewe."

Jina lililotoka halikuwa lake. Lilikuwa la mama mkwe, alilompa mwanawe alipokuwa mtoto wa kitambi, akaendelea kumwita hivyo hata alipoota mvi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa.

"Kitumbo!" Mama Foronya alisema, kisha akaliita kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi. "Kitumbo, nimekuja! Kitumbo, umekwenda wapi?" Aliita mpaka koo likawaka. Macho yalikuwa makavu, na katikati ya kelele hizo aliona kwamba upindo wa pazia umekwenda upande. Aliuona vizuri sana. Hakunyamaza.

Koridoni, simu ilizungumza. "Mbona haanzi?" Matroni aliuliza.

"Sijui, labda anajipanga," Breki akajibu. "Ngoja nimchungulie."

Akafungua mlango, na sauti ikamkumba kama maji ya ndoo. Alirudi nyuma. Hakumwambia anyamaze, hakumwambia imetosha. Aliusukuma mlango polepole mpaka mpira ukashika, kimya kikarudi koridoni kama vile hakuna mtu humo.

"Ameanza, Matroni," akasema chini chini. "Alianza zamani."

Juu hakukusikika kitu. Fundi alipeana mikono na watu. Matroni aliteremka, akaingia, akakaa na Mama Foronya, kisha akamwambia aende nyumbani mapema. Mama Foronya alinyoosha kwanza upindo wa pazia.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua mchele wake wa sufuria yake. Mama Foronya alimwamkia, naye akainua macho.

"Sauti imekwenda wapi?"

"Nimelia, mama."

"Wapi?"

"Kazini. Walikuwa wanajaribu chumba. Mtu alitakiwa alie, waone kama itasikika."

"Ikasikika?"

"Hapana."

Mama mkwe akarudi kwenye mchele. "Kwa hiyo umelia kwa kuagizwa, na hakuna aliyekusikia."

"Ndiyo, mama."

"Na machozi?"

Angeweza kudanganya. Jumamosi ilikuwa keshokutwa, na uongo ulikuwa karibu kuliko maji ya mtungini. "Hayakutoka," akasema.

"Ulisemaje sasa? Mtu halii bubu."

"Nilimwita Kitumbo." Kisha akaongeza, "Nisamehe. Najua ni la kwako. Ndilo lililotoka."

Mikono ya mama mkwe ilisimama juu ya ungo. Midomo ilimwenda kidogo, pengine akisali, pengine akilitamka lile jina. Kisha alimshika mkwe wake kifundo cha mkono, akaugeuza mkono, akautazama kama watu wanavyotazama kitambaa sokoni. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa sabuni.

"Baridi kama wa maiti," akasema. "Umekula lini?"

"Sikumbuki."

"Jana?"

"Sikumbuki, mama."

Yule mama akaongeza mchele kwenye ungo, konzi mbili. "Mpigie wifi yako. Mwambie asije na gari Jumamosi."

"Nimwambie kwa nini?"

"Mwambie nina mgonjwa."

Mama Foronya akapiga simu, akasema vile vile alivyoambiwa. Wifi akauliza, mgonjwa nani? Mama Foronya akampa mama mkwe simu.