Mtoto wa Kadi ya Sukari

Niliposhuka Babati kutoka milima ya Mbulu, nilikuwa nimejiapiza kwamba sirudi tena kulima ngano ya baba. Kumbe mji nao ulikuwa na masharti yake. Mwenye mgahawa karibu na stendi aliitazama mikono yangu, akasema kazi ipo, ila nilete barua ya balozi wa nyumba kumi kuonyesha ninakoishi. Balozi wa mtaa wa Bagara naye akaniambia hawezi kumwandika mpangaji asiye na kazi. Nilitembea baina ya wazee hao wawili siku nne, nikilala kwenye ukumbi wa kanisa, huku nikijua kwamba wasio na kazi miaka ile walikuwa wakikamatwa, wakipakiwa kwenye malori na kurudishwa vijijini kwao.

Aliyenikwamua ni mama mmoja mjane, mgeni kutoka mikoa ya kusini, aliyekuwa na chumba kitupu uani. Kodi aliyoitaja ilikuwa ndogo mpaka nikamshuku.

"Usishangae," aliniambia. "Ukiwa mpangaji hunisaidii kitu. Ukiwa mwanangu, unaongezwa kwenye kadi yangu ya mgawo wa duka, na sukari inaongezeka. Nitamwambia balozi ulikuwa kwa bibi yako."

Nilikubali bila hata kukuna kichwa. Balozi akaniandika binti wa nyumba ile, akanipa barua, mgahawa ukanipokea.

Mama yule alinitunza vizuri, sitamsingizia. Lakini jioni, nikiwa nachota maji, nilimkumbuka mama yangu: harufu ya moshi kwenye shuka lake, maziwa ya mgando, namna alivyoniita kwa lugha yetu kutoka upande wa pili wa bonde. Nilimtumia salamu kwa dereva wa lori la vitunguu kwamba nafanya kazi mgahawani na nakaa Bagara. Mengine sikumwambia.

Jumapili moja akaja. Kila mgeni alipaswa kuanzia kwa balozi, naye akaanzia huko na Kiswahili chake cha kuokoteza, akasema anamtafuta binti yake wa mgahawani. Balozi alimjua binti wa mgahawani mmoja tu. Akamleta mpaka mlangoni kwetu, daftari kwapani.

"Mama huyu anasema binti huyu ni wake," alisema.

Mwenye nyumba wangu akadakia. "Wake? Huyu nimemzaa mimi."

Mama yangu akanitazama. Nilichotakiwa kufanya ni kumsalimia tu, kwa lugha yetu, kama nilivyomsalimia tangu nilipojua kusema. Badala yake nikatoa Kiswahili safi cha shuleni: "Shikamoo, mama." Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumsalimia kwa Kiswahili.

Alielewa upesi kuliko balozi.

"Marahaba," akajibu. "Basi mimi nimekosea nyumba. Wangu ni mfupi."

Akatua kibuyu cha maziwa kizingitini, akasema kimemlemea, tunywe tu sisi. Kisha akaondoka. Sikumfuata. Niliogopa lori.

Krismasi nilipanda nyumbani na kibuyu kile. Kwetu chombo kilicholeta maziwa hakirudishwi kitupu, kwa hiyo nilikiosha, nikakianika, nikakijaza sukari niliyojinyima miezi kadhaa. Nilimsalimia mama kwa lugha yetu. Akaitikia vizuri, asiniulize neno. Majirani walipokuja kunywa chai, alimtilia kila mmoja kijiko kizima, nao wakashangilia, maana walikuwa wameshaisahau ladha ya sukari.

"Mshukuruni mama yake wa Babati," alisema.

Wote wakacheka, wakidhani ni utani. Mimi chai yangu sikuimaliza.

Mama yangu amekwisha kufariki sasa, na mimi nina nyumba yangu mwenyewe huku Nakwa. Ninamkumbuka sana. Natamani asimame mlangoni pangu na kibuyu chake mara moja tu, nimsalimie kwa lugha yetu, na balozi awepo hapo hapo na daftari lake, asikie.