Kanda za Bendi Yetu

Kabla vita havijafika Kibabi, kwetu Masisi, bendi yetu ilikuwa ya watu watatu. Mimi nilipiga gitaa la umeme. Rafiki yangu alipiga inanga, ala ya nyuzi aliyoachiwa na baba yake, na mke wake aliimba huku akigonga jembe kwa jiwe. Watu wa parokia walituona wehu. Gitaa walilizoea kwenye rumba, inanga kwenye masimulizi ya mababu. Sisi tulivichanganya, tena katikati ya wimbo tulinyamaza mpaka wasikilizaji wakadhani tumesahau.

Mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mwenye malori na duka, alitupenda hivyo hivyo. Aliturekodi katika studio yake ndogo Goma, nyuma ya duka, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za barabara. Kaseti ilipokaribia kutoka, vita vikaanza. Nyimbo zetu zilitaja vilima vya Masisi na watu waliovilima pamoja, kwa lugha zao zote. Akatuita, akatueleza kwa upole kwamba angeitoa kaseti, kila upande ungesikia humo neno la kuuchukiza.

“Nikitosha hii kaseti sasa, muntu atakufa juu yake,” alisema. “Muache ilale.”

Tuliondoka tumenuna, lakini hakuna aliyembishia.

Vita vikatutawanya. Rafiki yangu alikwenda kuchimba dhahabu Omate. Shimo likamporomokea, na wenzake walipokuwa wakifukua, risasi zikalia, wakakimbia. Hakutolewa tena. Mke wake alikuwa amehamia Ntoto, upande wa Walikale, na watoto, akiuza chumvi na samaki wakavu. Hakuweka matanga. Kila nilipompitia alisema hawezi kulilia shimo ambalo hajaliona.

Miaka ikapita. Mfanyabiashara yule alikufa kwa ugonjwa, na familia yake ikanitumia habari kwa dereva kwamba kanda zetu bado zipo ghalani. Nilikwenda Goma, fundi wa redio akazihamishia kwenye simu yangu, nikashika njia ya Walikale kwa pikipiki, na penye matope kwa miguu.

Nilipofika Ntoto sikujua nianzie wapi. Nilimwambia tu mke wa rafiki yangu kwamba nimeleta ile miziki. Aliwaita watoto, ambao sasa walimzidi kimo, tukaketi mlangoni. Inanga ikaanza. Wimbo wa kwanza ulipoisha, kanda haikuwa imekatwa: tulimsikia rafiki yangu akimwuliza mkewe kama amechoka, kisha akikohoa na kucheka kidogo.

Mama yule hakulia. Aliwageukia watoto.

“Huyu njo papa yenu.”

Kitinda mimba, aliyekuwa mgongoni siku baba yake alipoondoka, aliniomba nirudishe pale pale. Nikarudisha. Akaomba tena.

Jumapili iliyofuata matanga yakawekwa. Majirani walileta ndizi na maharagwe, katekista akasali, kisha tukazipiga nyimbo zote. Walikuwepo watu ambao vita viliwaweka pande tofauti. Walisikia vilima vyao vikitajwa, wakainamisha vichwa, na hakuna aliyeondoka.

Baadaye redio moja iliziomba. Nilikwenda kumwuliza mama yule. Akaruhusu wimbo mmoja tu.

“Ile ingine iko ya batoto,” alisema.

Nyimbo zilizobaki nikawaachia watoto.