Sauti Ng'ambo ya Kichaka

Shamba tuliloachiwa na baba mkwe wangu liko kando ya barabara ya kwenda Nzilo, mahali ambapo kelele za pikipiki za Kolwezi hazifiki. Juu, penye nyumba, ni tambarare, na kukata majani pale si kazi kubwa. Unashika kupekupe, kile chuma kirefu kilichopinda mwisho, unakipeleka kulia na kushoto, na jua halijawa kali umeshamaliza. Shida ilikuwa chini. Mihogo ikiisha, ardhi inaporomoka ghafla kuelekea kijito, na huko bondeni kulikuwa na mawe, vichuguu, matete yaliyonipita kimo na miiba iliyosukana kama mkeka. Ukitaka kukata huko, sharti usimame mguu mmoja juu na mwingine chini, na kila ukiinua panga unatafuta kwanza pa kushika.

Kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuna aliyepagusa. Mimi nilikuwa mwalimu Dilala, mume wangu alikuwa kazini kwenye mgodi wa Mutoshi, na shambani tulikuja kulima mihogo na kurudi. Nilipoacha kufundisha ndipo nilipohamia huku moja kwa moja, naye akawa anakuja siku zake za kupumzika. Kiangazi hicho cha kwanza moto wa nyika ulitembea kandokando ya barabara, ukafika karibu na uzio wetu, kisha upepo ukaugeuza. Nilisimama na ndoo ya maji mkononi nikitazama lile bonde lililojaa majani makavu mpaka karibu na jiko langu. Nikajua kwamba moto ukiingia mle, ndoo yangu haitanisaidia kitu.

Mume wangu aliposikia kwamba nataka kulikata, alikwenda kwanza penye mihogo akalitazama.

"Bonde ile iko na maneno," akasema.

Maneno yenyewe nilikuwa nimeyasikia vipande vipande. Siku hiyo alinieleza yote. Ng'ambo ya kijito inakaa familia yenye asili ya mkoa wa Kasai. Baba yao na baba mkwe wangu walifanya kazi pamoja mgodini, wakapata mashamba yao kwa wakati mmoja, na bonde lilikuwa la wale wa ng'ambo. Halafu ikaja ile miaka ya watu wa Kasai kufukuzwa huku kwetu. Majirani waliondoka kwa treni na magodoro na sufuria zao. Baba mkwe alishuka bondeni akapanda kabichi na vitunguu, akisema udongo mzuri hauachwi ulale. Miaka ikapita, majirani wakarudi. Yule mzee alivuka kijito kuomba bonde lake, na baba mkwe akamjibu kwamba mwenye kulima ndiye mwenye shamba. Mzee akageuka akaenda zake. Hakupeleka neno lile kwa chifu wala kwa mtu yeyote.

Baada ya hapo baba mkwe mwenyewe aliacha kulima kule. Hakusema sababu. Majani yakaota, yakawa vichaka, vichaka vikawa ukuta. Wazee wote wawili walikufa, na ukuta ukabaki. Mimi nyumba ya ng'ambo sikuwa nimeiona hata siku moja. Nilikuwa naona moshi wake tu, asubuhi.

"Mi sitaki bonde," nikamwambia mume wangu. "Mi nataka kukata majani tu, juu ya kuogopa moto."

"Basi kata," akasema. Aliniachia koti lake la zamani la kazi, buti, na miwani ya kukinga macho.

Nilianza juu, nikawa nashuka taratibu. Nilijifunza kusimama kiubavu, nisikate kuelekea mguuni, na kuyatupa chini yale niliyokata ili yasinitelezeshe. Matete yalikuwa mepesi. Miiba ilikuwa kazi ya kuikata shina kwanza, kisha kuivuta kwa mti wenye panda. Kitu kilichonishinda ni upupu. Maganda yake yalikuwa yamekauka, na kila nikigusa tawi, manyoya yake yalinimwagikia shingoni. Jioni nilijikuna mpaka nikakosa pa kukuna.

Asubuhi moja, nikiwa katikati ya mteremko, nilisikia panga likikata ng'ambo. Nilidhani ni mwangwi wa panga langu. Nikasimama. Lile lingine likaendelea, polepole, la mtu anayekata bila haraka.

"Nani eko kule?" nikauliza.

Panga likanyamaza.

"Na weye ni nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Ni miye wa huku juu. Minakata majani, ninaogopa moto."

"Na miye vile vile," akasema. "Ule moto wa juzi uliniondoa usingizi."

Akaendelea kukata, nami nikaendelea. Kati yetu kulikuwa na kijito na kichaka kizito kiasi kwamba hata kivuli chake sikukiona.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi hivyo. Asubuhi nilimsalimu, naye akaitikia. Nilimlalamikia upupu, akaniambia nijipakae majivu makavu mikononi na shingoni kabla ya kushuka, nisioge kwa maji kwanza bali nijifute kwa majivu hayo hayo. Nikafanya, ikasaidia. Yeye aliniuliza kama upande wangu kuna nyoka, nikamwambia nimeona mmoja tu, naye alikuwa anakimbia. Alicheka kidogo. Alinieleza kwamba mume wake alikufa, kwamba watoto wake wako Lubumbashi na wanamwita akakae nao, na kwamba yeye hawezi kulala kwenye nyumba ambayo kutoka dirishani unaona ukuta wa mtu mwingine. Mimi nilimwambia juu ya darasa langu, na jinsi asubuhi bado naamka na wasiwasi wa kuchelewa.

Siku moja aliuliza, kwa sauti ile ile ya kawaida:

"Weye ni muke ya mutoto ya ule tata?"

Tata ni baba, na nilijua ni yupi: baba mkwe wangu.

"Ndiyo, mama. Ni miye."

Panga lake halikulia tena siku ile. Nilibaki nimesimama na panga mkononi, kisha nikapanda nyumbani kabla ya wakati wangu. Nilijisikia vibaya kama mtu aliyefungiwa mlango na mwenyeji aliyekuwa akimkaribisha vizuri. Kesho yake nilichelewa makusudi, maana sikutaka kushuka nikute kimya. Lakini nilipofika kwenye mihogo nililisikia panga.

"Leo umechelewa," akasema.

"Nilichelewa kidogo, mama."

"Kata. Siku zinaenda."

Tulikuwa tumekaribia kijito, kila mtu kwa upande wake, nilipofika kwenye kichaka kilichomea juu ya kichuguu. Kulikuwa na joto, na ile miwani ya mume wangu ilijaa ukungu, basi nilikuwa nimeipandisha kwenye paji la uso. Nilivuta tawi. Sikuona ile nyumba ya nyigu iliyoning'inia ndani, ya kijivu kama karatasi ya zamani. Niliona tu kitu cheusi kikipanuka mbele yangu, kisha maumivu kwenye kope, shavuni, sikioni, kichwani. Nilirudi nyuma, buti ikateleza kwenye majani niliyokata mwenyewe, nikabingirika mpaka kwenye mawe ya kijito.

Nakumbuka nilikuwa napiga kelele, lakini sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka sauti yake.

"Funika uso! Lala chini, usipige mikono! Minakuya!"

Halafu nikalisikia lile panga, na safari hii halikuwa polepole. Alikuwa anakata kwa nguvu, mfululizo, na matawi yakivunjika. Nililala kifudifudi na koti kichwani, nyigu wakinitembelea mgongoni, nikisikia kichaka kikifunguka upande wa kichwa changu. Mkono ulinishika kwapani. Alinitupia kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, akanivuta nikitambaa ndani ya njia aliyoifungua, nyembamba kama ya mbuzi, mpaka tukatokea kwenye jua la shamba lake.

Jicho moja lilikuwa tayari limefumba. Kwa lile lingine nilimwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi, mwembamba, mzee kuliko sauti yake, kavaa kofia ya kiume na soksi mikononi badala ya glavu. Miiba ilikuwa imemchana mikono yote miwili na damu ilikuwa inashuka kwenye viwiko. Yeye mwenyewe nyigu walikuwa wamemuuma midomoni.

"Unapumua?" akauliza.

"Ninapumua."

"Sema tena."

"Ninapumua, mama."

Alinimwagia maji baridi kichwani, akanifunga uso kwa kitambaa kilicholowa. Nilianza kutetemeka na koo likawa linabana. Hapo alinyanyuka, akaenda barabarani kwa mwendo ambao sikuufikiria kwa umri wake, akarudi na mwenye pikipiki. Tulipanda watatu: kijana mbele, mimi katikati, na yeye nyuma akinikumbatia kiunoni ili nisianguke. Njia nzima, kila tulipopishana na lori la madini na vumbi jekundu likatufunika, alinifunika uso kwa kikwembe na kuniuliza kama napumua.

Kwenye zahanati munganga alinichoma sindano na kunilaza. Alitaka kumtibu na mama, naye akasema amtibu kwanza huyu, yeye ana midomo tu.

Mume wangu alitoka moja kwa moja kazini, buti zake zikiwa bado na tope la mgodi. Aliingia haraka, akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa naona kwa ufa mdogo wa jicho. Alimtazama yule mama aliyekaa kando ya kitanda changu, mikono ikiwa imepakwa dawa ya rangi ya zambarau, na nikaona amemtambua.

"Mama," akasema.

"Karibu," yule mama akajibu. "Muke yako eko muzima. Ikaa."

Alikaa. Kisha mume wangu, ambaye mbele za watu si mtu wa maneno, akasema akitazama sakafu:

"Mama, nilipokuwa mutoto nilikula kwenu siku mingi. Halafu mulipokwenda, nilikula kabichi ya bonde yenu. Na mulipofika tena, nilisikia tata anajibu ule mzee. Nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilisikia yote."

"Ulikuwa mutoto," akasema yule mama.

"Sasa mi niko mukubwa. Bonde ni yenu."

Mama aliitazama mikono yake.

"Mume wangu alilia siku ile," akasema hatimaye. "Hakulia juu ya bonde. Alisema, ule mutu nilimuita ndugu." Akamgeukia mume wangu: "Bonde yote mi siiwezi. Sina nguvu. Mutakata upande wenu mpaka kwenye maji, mi nitakata wangu mpaka kwenye maji. Lakini ya kulima, utaniuliza kwanza."

"Nitauliza, mama."

"Vile ni muzuri."

Uvimbe ulipopungua tulimaliza kazi wote watatu, mume wangu akija siku zake za kupumzika. Ile nyumba ya nyigu aliiondoa yeye, asubuhi ya baridi wakati bado wamelala, kwa moshi na gunia. Tulichoma matawi kidogo kidogo kwenye mchanga wa kijito. Bonde lilipokuwa wazi lilionekana dogo, na nilishangaa kwamba familia mbili zilikuwa zimepotezana kwa kitu ambacho mtu anakivuka akiimba wimbo mfupi.

Kisha mvua za kwanza zikatuonyesha tulichokosea. Tulikuwa tumeng'oa mpaka mizizi, na mteremko ukaanza kumomonyoka, udongo mwekundu ukashuka kijitoni. Mama alikuja kutazama, akatikisa kichwa, akarudi kwao. Alasiri alituita twende tukachukue machipukizi ya migomba ya kushika udongo, nyuma ya jiko lake. Tuliyabeba mabegani, na mume wangu akachimba mashimo kwa mstari uliokingama mteremko, huku mama amekaa juu ya jiwe na mwavuli wake.

"Shimo ile ni fupi," akamwambia.

"Ndiyo, mama."

"Chimba tena."

Akachimba tena.